Barua ya Wazi kwa Wagawaji wa Fedha za Utafiti wa Afya: Pombe ya Vijijini Tanga Nayo Ichunguzwe

Muheza, Mkoa wa Tanga

Kwa waheshimiwa viongozi na wataalamu mnaopanga, kupitisha na kugawa fedha za utafiti wa afya nchini, pamoja na wafadhili mnaokaa nao meza moja.

YAH: FEDHA ZA UTAFITI WA KUPUNGUZA MADHARA YA POMBE VIJIJINI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni tabibu mstaafu. Nimefanya kazi kwenye zahanati na vituo vya afya vya Muheza, Korogwe na Handeni, na tangu nistaafu ni katibu wa kikundi kidogo cha wanakijiji wanaohangaika na suala la pombe. Tupo mchanganyiko: muuguzi mstaafu, walimu, shehe mmoja, mwinjilisti mmoja, mgema, na akina mama wawili waliowahi kupika gongo wakaacha. Tumeandika kwa adabu na kupitia ngazi zote zinazotakiwa, kuanzia kwa mtendaji wa kijiji kwenda juu. Barua zetu hupokelewa, hugongwa muhuri, kisha kimya. Andiko letu la mradi lilijibiwa kwa aya moja ya Kiingereza: hatuna mtafiti mkuu mwenye shahada ya uzamivu, wala hesabu zilizokaguliwa. Ofisi iliyojibu siitaji. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na sidhani kama ofisi nyingine ingejibu tofauti. Ila baada ya jibu hilo tulikubaliana kikaoni kwamba barua inayofuata isomwe na kila mtu.

Ombi letu ni hili: fedha za utafiti wa pombe zifike kijijini, zitumike kujaribu njia za kuwasaidia wanywaji na familia zao hapohapo wanapoishi, na wanakijiji wawe na sauti katika kuamua nini kijaribiwe na kipimwe vipi. Hatuombi semina. Wala hatuombi mabango ya kutuambia pombe ni mbaya. Hilo tunalijua kuliko anayeyachapisha.

Nianze na takwimu moja ambayo naona haijawagusa wengi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inasema pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Ulaya ndiyo inayoongoza kwa unywaji, wastani wa lita 9.2 za kilevi halisi kwa mwaka kwa kila mtu wa miaka 15 na zaidi, na vifo vyake vitokanavyo na pombe ni 52.9 kwa kila watu 100,000. Afrika inakunywa kidogo kuliko Ulaya, lakini vifo vyetu ni 52.2. Pombe kidogo, makaburi karibu sawasawa. Mtu aliyekaa zahanati hashangai. Huku pombe inamkuta mtu hajala, au yuko kwenye dozi ya kifua kikuu, au amepakiwa kwenye bodaboda bila kofia usiku, na hospitali iko mbali. Hayo yote ni mambo ya mahali mtu anapoishi, na anayeyachunguza kutoka mjini atayakosa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kwa malaria tunafaa, kwa pombe hatufai

Mkoa wa Tanga si mgeni kwa watafiti. Amani, kule juu milimani kwetu Muheza, pamekuwa na kituo cha utafiti tangu mwaka 1902, enzi za Wajerumani, kilipoanza kama kituo cha mimea na kilimo. Leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina vituo vyake Muheza, Tanga mjini na Korogwe. Ndugu zetu wa Bagamoyo wana kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Chanjo ya R21 nayo ilipitia Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023, na dunia nzima ikapiga makofi.

Waliosaini fomu za ridhaa, wengine kwa dole gumba, ni akina mama wa huku. Watoto waliotolewa damu ni wa huku. Vijana wetu walijifunza kujaza dodoso, kutunza majokofu, kumfuata mshiriki hadi shambani na kumrudia baada ya miezi. Sisemi haya kwa wivu dhidi ya malaria, nimezika watoto wengi mno kwa malaria kusema hivyo. Nasema kwa sababu kijiji kilichoweza kubeba jaribio la chanjo kwa miaka kinaambiwa hakina uwezo wa kubeba jaribio ambalo vifaa vyake ni kigoda, daftari na mtu anayejua kusikiliza.

2. Kipimo mnachotumia hakitupimi

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaloitwa AUDIT. Alama zake ni 0 hadi 40, na mtu akifika 8 huhesabiwa kuwa unywaji wake una hatari. Ni dodoso zuri, nimelitumia mwenyewe. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa Moshi, na wenzetu wa hospitali ya KCMC wameunda na kuanza kupima huduma ya ushauri mfupi kwa majeruhi wanaokunywa, waliyoiita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini imefanyika hospitalini, kwa mtu aliyekwisha kuumia, na katika mkoa wenye pombe zake.

Swali la pili la dodoso hilo linauliza unakunywa vinywaji vingapi kwa siku ya kawaida unapokunywa. Kinywaji kimoja, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ni gramu 10 za kilevi halisi. Kwa bia hesabu ni rahisi: chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Sasa njooni kwenye mnazi. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, karibu maji ya sukari, hata mtoto huonjeshwa. Likikaa hadi alasiri limeshachacha na lina nguvu ya bia. Likilala siku kadhaa linakuwa siki. Chupa ileile, mti uleule, mgema yuleyule, na kilevi kimebadilika kutwa nzima. Mtu akinijibu kwamba amekunywa chupa tatu za mnazi hajaniambia chochote mpaka nijue alizinywa saa ngapi. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, jambo ambalo nalo lingestahili nafasi yake kwenye dodoso.

Gongo ndiyo haishikiki kabisa. Inayotoka mwanzo kwenye mtambo ni kali kuliko inayotoka mwisho. Kila mpishi ana mkono wake, na mnunuzi hupimiwa kwa glasi isiyo na alama. Milimani Lushoto kuna pombe ya miwa, inayonywewa kwa kupokezana. Jagi moja linazunguka watu watano, kila mmoja anavuta kadiri ya pumzi yake. Nani hapo anajua amekunywa vingapi?

Watafiti wengi wakifika hapo hukadiria, na makadirio hayo ndiyo yanayokwenda kwenye jedwali, na jedwali ndilo linaloletwa kwenu wakati wa kugawa fedha. Kumbe wajuzi wapo. Mama muuza pombe anajua ukali wa mzigo wake kwa kunusa na anajua nani humaliza kiasi gani. Mgema anajua saa ambayo mnazi unageuka. Wakikaa na mtu wa maabara na hidromita, kipimo cha kuelea kwenye pombe ambacho si cha bei kubwa, kwa muda wa msimu mmoja tu tungepata jedwali la vipimo vya pombe zetu za mkoa huu. Hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya fedha tunazoomba. Bila hiyo, hata mkituletea tiba bora duniani hatutajua kama watu wamepunguza.

3. Aibu ya pwani haimo kwenye mipango yenu

Tanga na Bagamoyo ni pwani, na pwani ina dini yake na sitara yake. Kijana mdodosaji anakuja na kishikwambi, ameongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Anakaribishwa mkekani. Mama mkwe yupo, watoto wapo, jirani amesimama dirishani. Anauliza: "Mzee, katika miezi 12 iliyopita umekunywa pombe?" Mzee anajibu, "Astaghfirullah!" Kishikwambi kinaandika hapana. Usiku mzee yuko minazini. Ripoti inakwenda Dar es Salaam kwamba kijiji kile hakina tatizo la pombe, na kijiji kisicho na tatizo hakipewi fedha.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayomzuia mtu kuja zahanati. Nimewaona wanaume wakija na "vidonda vya tumbo" ambavyo sote wawili tulijua ni nini, na hakuna aliyelitamka neno. Wanawake wanaokunywa wanajificha zaidi, na hao ndio ninaowahofia, hasa wakiwa wajawazito, kwa sababu kilevi kinamfikia mtoto tumboni na humo hakuna wa kumtetea.

Shehe wa kikundi chetu ana maoni ambayo sijayakuta kwenye andiko lolote la kitaalamu. Anasema mtu wa huku hatamwambia mgeni, hatamwambia ndugu wa karibu, lakini atamwambia mtu wa rika lake asiye na udugu naye, wakitembea njiani, hasa kama mazungumzo yameanza na shida nyingine: deni, ndoa, usingizi. Basi hiyo ni nadharia. Ijaribiwe. Kitongoji kimoja waulizwe kwa njia ya kawaida ya mkekani, kingine waulizwe na mtu wa rika njiani, halafu tulinganishe majibu. Mtafiti wa mjini hatafikiria kulijaribu hilo, maana hajui kwamba lipo.

4. Mnatuma mgambo pasipofika mtafiti

Gongo ni haramu kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 (moshi hapo ni jina jingine la gongo), na biashara ya pombe nyingine inaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Sipingi sheria. Nasema tu kwamba kwa vijiji vingi sura pekee ya serikali inayokuja kwa ajili ya pombe ni msako. Madumu yanamwagwa, mtambo unavunjwa, mama anapelekwa kituoni na mtoto mgongoni, na muda si mrefu mtambo mwingine unawaka porini ng'ambo ya mto. Mama huyo mara nyingi ni mjane au ameachwa, na gongo ndiyo sare na daftari za watoto wake. Mpango wowote wa kupunguza pombe usiomfikiria yeye atakula nini kesho utashindwa, na akina mama wawili wa kikundi chetu wanaweza kuwaeleza kwa nini waliacha: mmoja alipata mtaji wa kuuza machungwa, mwingine alichoka kuogopa.

Kwa utafiti, hofu hiyo ina maana moja: mtafiti akija ameongozana na mtendaji na mgambo hatapata ukweli. Kamati za maadili zinazotoa vibali zidai kwanza maelewano ya maandishi na polisi wa wilaya kwamba anachosema mshiriki kwa mtafiti hakitatumika kumkamata.

5. Walio wachache hawahesabiwi kabisa

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliwahoji watu wa miaka 25 hadi 64. Kijana wa miaka 19 anayekata mkonge hayumo. Bibi wa miaka 70 hayumo. Vijana walichunguzwa baadaye, lakini Mwanza na Kilimanjaro.

Kambi za mkonge kuanzia Muheza hadi Korogwe zina wajukuu wa manamba walioletwa na wakoloni kutoka Kigoma, Njombe, hata Msumbiji na Burundi. Wengi hawana shamba la ukoo hapa wala mzee wa ukoo wa kuwaamulia, na siku ya mshahara wauza pombe huwahi kuliko mtu yeyote. Kilindi na Handeni kuna wafugaji wa Kimaasai ambao fomu ya ridhaa ya Kiswahili cha ofisini haiwasaidii. Usambara kuna Wambugu, watu wachache wenye lugha yao. Mkinga na Pangani kuna wavuvi wanaolala dagoni, kambini kwao, kwa wiki. Kwenye sampuli ya taifa watu hawa ni wachache mno kuonekana, kwa hiyo hutupwa kwenye wastani wa mkoa na kupotelea humo.

Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, vibarua waliwahi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Watafiti walikwenda kwenye jamii hizo, wakakaa kwa miaka, wakaonyesha ukubwa wa madhara kwa watoto waliozaliwa na akina mama wanywaji. Sisemi mashamba yetu yalifanya kama yale. Nauliza nani amekwenda kutazama.

6. Mwenye kutaka kuacha hana pa kwenda

Hili nitalisema kwa kifupi. Kijana wa heroini leo anaweza kupata methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, katika hospitali ya Bombo mjini Tanga, na Bagamoyo kuna nyumba za upataji nafuu. Ni maendeleo makubwa. Mlevi wa gongo wa kijijini anasubiri mpaka awe amechanganyikiwa, ndipo ndugu wachange nauli ya Lutindi, hospitali ya kanisa ya wagonjwa wa akili iliyoko milimani Korogwe kwa zaidi ya karne moja sasa, au wampeleke Mirembe, Dodoma. Kati ya kijiwe cha pombe na Lutindi hakuna kituo.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa.

Itasemwa kwamba wanakijiji si wataalamu. Huko Goa, India, ushauri kwa wanaume wenye unywaji wa madhara ulitolewa na watu wa kawaida waliofundishwa, wasio na taaluma ya afya ya akili, kwa vikao visivyozidi vinne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya miezi mitatu, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wameshuka chini ya alama 8 za lile dodoso, dhidi ya asilimia 26 ya ambao hawakuupata. Si muujiza. Ni watu 10 zaidi katika kila 100, kwa gharama ndogo. Jirani zetu wa Eldoret, Kenya, wameonyesha kwamba washauri wasio wanasaikolojia wanaweza kuendesha vikundi kwa Kiswahili kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na unywaji ukapungua. Na Marekani kwenyewe, katika eneo la watu wa Cherokee huko Oklahoma, wananchi walijipanga kuzuia pombe isiwafikie vijana katika miji yao, watafiti wakalinganisha na miji mingine, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha unywaji wa vijana umepungua. Kila mahali hapo aliyefanya kazi ni mtu wa hapohapo. Mtaalamu alikuwepo kumfundisha, kumsimamia na kupima kwa uaminifu. Nasi tunamtaka mtaalamu. Tunachokataa ni sharti kwamba asipoanza yeye hakuna kinachoanza.

Itasemwa fedha hakuna. Mwaka 2008 mkutano wa Bamako ulizitaka nchi zinazoendelea zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara zao za afya kwa utafiti. Tangu mwaka 2019 chupa ya bia na ya pombe kali ya kiwandani ina stempu ya kodi ya kielektroniki, kwa hiyo hakuna bidhaa inayohesabiwa kwa uangalifu kuliko hiyo. Ushuru unaopatikana kwenye pombe ungeweza kutoa kijifungu kidogo cha kuchunguza madhara ya pombe bila hazina kutikisika.

Itasemwa serikali imechukua hatua, na mfano utakuwa viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki. Ni kweli, vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na mimi nilifurahi. Lakini waliokuwa wanavinywa walikwenda wapi? Wangapi waliacha, wangapi walihamia gongo, wangapi walihamia chupa ndogo? Kijijini kwetu hakuja mtu kuuliza. Marufuku kubwa namna ile ilikuwa nafasi ya kujifunza, ikapita.

Na kuna watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba watu wa pwani ni Waislamu na tatizo lao si kubwa. Hao nawaomba warudi kwenye hoja ya tatu.

Sasa tunachoomba, waheshimiwa.

Fungueni dirisha la fedha ndogondogo kwa ajili ya utafiti wa pombe unaoanzia vijijini, ambapo kikundi cha jamii ndicho mwombaji, nacho chuo au taasisi ya utafiti ni mshirika wake anayebeba mahesabu na vibali. Maombi yapokelewe kwa Kiswahili, na kwa karatasi pale intaneti isipofika. Muda usiwe wa mwaka mmoja, kwa kuwa mtu anaweza kuacha pombe wakati wa masika na kuirudia mavuno yakiingia, na mradi wa miezi 12 utaondoka ukishangilia.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii watumike. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Waongezewe kwenye mafunzo yao ushauri mfupi wa pombe, lakini msiusambaze nchi nzima kwa mkupuo. Anzeni na kata chache za Muheza, Kilindi na Bagamoyo zitakazochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, nyingine zisubiri zamu, na wakati wa kusubiri huo ndio utakaotuonyesha kama ushauri unafaa au haufai. Ukionekana haufai, semeni haufai na tujaribu kingine. Posho zao zilipwe kwa wakati. Mhudumu anayedai miezi hawezi kumshauri mtu kuhusu nidhamu ya fedha.

Sehemu ya fedha ielekezwe moja kwa moja kwa makundi niliyoyataja kwenye hoja ya tano, ili sampuli yao iwe kubwa kiasi cha kusoma matokeo yao wenyewe. Akina mama wapishi wawe washiriki wanaolipwa, kama tunavyolipwa wengine, na majaribio yahusishe shughuli mbadala ya kipato.

Mwisho, mrejesho. Tumetoa damu na majibu kwa miongo mingi, na mara nyingi matokeo tumeyasikia redioni kama wageni wa habari zetu wenyewe. Iwe ni sharti la mkataba kwamba malipo ya awamu ya mwisho hayatoki mpaka matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji na maswali yajibiwe hapo.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Bunge la Bajeti kuanza mwezi Aprili, likieleza katika haya mnakubali lipi, lipi mnakataa na kwa sababu gani. Andiko letu lililokataliwa lipo tayari kurekebishwa, na mgema wetu ameshakubali mnazi wake upimwe asubuhi, mchana na jioni, kwa masharti kwamba mpimaji alipie anachomwaga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya kikundi
Tabibu mstaafu, Muheza

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Tanga
Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa
Waheshimiwa wabunge wa majimbo ya mkoa
Mbao za matangazo za vijiji